Rejeta Kumi na Moja za Sydenham

Alhamisi, 3 Julai

Digrii kumi na nne ndani ya nyumba, saa moja asubuhi. Nimepima mwenyewe ukumbini. Nje, kumi na saba. Yaani nyumba yangu ni baridi kuliko barabara! Jambo la kuandikwa.

Mama mkwe ametimiza wiki tatu tangu afike Durban kutoka Keroka, huko kwetu. Hakuwa ameonana na Kerubo, mke wangu, kwa miaka sita. Leo amekuja mezani na leso mbili, sweta, blanketi na soksi jozi tatu. Hasemi nami moja kwa moja. Ni heshima ya kwetu Wagusii: mama na mkwewe hawatazamani usoni, haingii mmoja chumbani mwa mwingine. Maneno yake hupitia kwa Kerubo. Amemwambia Kerubo kwamba nyumba hii ni kubwa, ni nzuri, na ina baridi ya ghala.

Kerubo akaniangalia. Akasema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba chumba changu cha kusomea kinapata jua kutwa nzima, na kwamba Mama angeweza...

Sikumwacha amalize. Maktaba! Miaka tisa naandika tasnifu yangu ya udaktari mle ndani. Mada: kuongezeka kwa joto katika miji ya pwani. Haiwezi kuandikwa upande wa kusini, anakolala Mama.

Saa nne akapiga simu Billy, kaka yake Kerubo, anayekaa Isipingo, kusini mwa jiji. Kasikia Mama anaona baridi. (Kutoka kwa nani?) Kasema nyumba yake ni mpya, madirisha makubwa, na Jumamosi ya tarehe kumi na mbili atakuja na gari kumchukua. Akaniita shemeji mara nne katika sentensi moja. Mtu akikuita shemeji mara nne, ana lake.

Kerubo aliosha sufuria moja mara mbili.

Mchana nikatangaza. Nimesimama kabisa, mkono juu ya kiti. Nikasema nyumba hii itawekwa mfumo wa kupasha joto vyumba vyote, kama ule niliouona mwaka niliosoma Aberdeen, Ulaya: boila moja, mabomba, na rejeta, chuma cha kupitisha maji ya moto, chini ya kila dirisha. Hakuna atakayehama chumba. Hakuna atakayekwenda Isipingo.

Mama akamuuliza Kerubo kitu. Kerubo akanifikishia: Mama anauliza kama gari litaingizwa ndani au litabaki nje.

Nimemwandikia Fiona, binti yetu, anayesoma Cape Town. Amejibu: "Baba, ni Durban."

Kijana hana maono.

Ijumaa, 4 Julai

Bahati! Nyumba ya zamani ya wazee, huko juu milimani, inabomolewa, na vyuma vyake vinauzwa kwenye yadi moja nje ya mji. Nilikwenda kuangalia tu. Rejeta za chuma cha kusubu, zenye maua yaliyochongwa ubavuni. Hazitengenezwi tena. Mwenye yadi alisema haziuzwi mojamoja.

Zimefika saa nane kwa bakkie, pikapu ya huku. Kumi na moja. Kila moja ina uzito wa ndama. Wanaume watatu walizishusha, na wa tatu ameapa kwamba hatarudi mtaa huu.

Kerubo alisimama mlangoni. Akauliza nyumba yetu ina vyumba vingapi. Nikamwambia anajua. Akasema anajua, anataka kujua kama mimi najua. Sita, nikasema. Akahesabu rejeta kwa kidole, polepole, hadi mwisho, kisha akaingia ndani.

Nimezipanga kando ya ua. Zinafanana na kundi la pundamilia waliolala. Jirani wa kushoto amezipiga picha. Wivu umeanza mapema.

Jumamosi, 5 Julai

Siku ya ramani. Penseli, rula, karatasi kubwa. Rejeta hukaa chini ya dirisha, kwa sababu baridi huingilia dirishani na joto hulikabili palepale. Ukubwa wake hutegemea chumba: urefu mara upana mara kimo. Kazi ya kisomi. Niliifurahia sana. Ukumbi tayari. Sebule tayari. Maktaba nimeipima mara tatu.

Kikabaki chumba cha Mama.

Siwezi kuingia. Haiwezekani. Hata akiwa hayupo mguu hausogei. Nikamwomba Kerubo apime, akasema ana mitihani ya wanafunzi ya kusahihisha na kwamba mimi ndiye mwenye mfumo. Basi nikafikiri. Chumba ni kilekile ukikipima kwa nje! Unatoa unene wa ukuta, umemaliza.

Saa tano nilizunguka nyuma na futi ya kupimia. Nilipofika chini ya dirisha lake nikachuchumaa ili kupata kimo cha kizingiti. Dirisha likafunguka. Mama alikuwa anamwaga maji yaliyopoa ya ile chupa ya mpira anayolala nayo. Yakanipata utosini.

Nikainua macho. Naye akainamisha yake. Tukatazamana! Miaka ishirini na miwili ya ndoa, hatujawahi.

Dirisha likafungwa. Pazia likavutwa. Nikasikia anamwita Kerubo kwa jina lake la utotoni, lile refu.

Nimeeleza. Nimeonyesha futi. Nimeonyesha ramani. Kerubo amesema kwamba mama yake ana miaka sabini na sita, hajapata kuona mkwe akimnyemelea dirishani, na kwamba leo nisile mezani.

Nimekula Maktaba. Jua lilipasha mapazia vizuri.

Chumba cha Mama: mita tatu na nusu kwa nne. Nadhani.

Jumapili, 6 Julai

Ibada ya Kiswahili, ukumbi ule wa Point, karibu na bandari, Wakenya upande wa dirishani na Wakongo upande wa spika kama kawaida. Wakati wa matangazo Billy aliinuka, na suti mpya, akamshukuru Mungu kwamba mama yake mzazi anahamia kwake Jumamosi "apate joto la familia". Watu wakapiga makofi. Kerubo alikuwa anaangalia mikono yake.

Sikupanga kusimama. Miguu ilisimama yenyewe. Nikasema hakuna kuhama. Nikasema Jumamosi hiyohiyo, saa sita mchana, nyumbani kwangu Sydenham, utazinduliwa mfumo wa kwanza wa aina yake katika mtaa wote, na kanisa zima limealikwa kwa chakula. Waje wamevaa makoti, ili waione tofauti!

Makofi yakawa makubwa kuliko ya Billy. Nilisikiliza kwa makini.

Marie-Louise, mwenye saluni na kiongozi wa kwaya, alinifuata mlangoni. Aliuliza fundi wangu ni nani. Nikasema bado nalinganisha mafundi. Akasema mume wake Pascal, aliyejifunzia ufundi bomba Lubumbashi, aliwahi kufunga rejeta kwenye hoteli za milimani, kule theluji inakoanguka, na kesho ana nafasi.

Nikajifanya kufikiri kidogo, kisha nikakubali.

Kwenye gari Kerubo aliuliza ni watu wangapi. Nikasema labda thelathini. Akasema, "Baba Fiona, wewe ungeniacha tu niulize kama chumba kinaweza kutoka. Ningeelewa ukikataa." Sikuelewa alichomaanisha. Sikuwa nimekataa. Nilikuwa nimepanga.

Jumatatu, 7 Julai

Pascal amekuja saa mbili kamili. Mtu mfupi, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Alianza na rejeta. Aligonga moja kwa ukucha, akaweka sikio, kama daktari. Akasema hizi ni chuma ya kweli. Nilimpenda papo hapo.

Kisha akaingia ndani, akatembea chumba hadi chumba, mikono nyuma. Alikaa kwa Mama dakika kumi nzima (yeye si mkwe) na nikawasikia wakicheka. Alipofika Maktaba alisimama katikati. Mapazia nayafunga kutwa ili jua lisichujue migongo ya vitabu. Akafungua pazia moja kwa kidole, akalirudisha.

"Papa Ezekieli," akasema, "hii baridi haitoke inje. Iko ndani. Jua yote iko hapa, mulifungia vitabu. Mama muzee analala kule jua haifikake hata siku moya. Mubadilishe tu. Vitabu kule, mama huku. Mufungue dirisha muchana. Voilà. Hamuhitaji hata boila."

Nilifunga mlango haraka. Nikamuuliza kama amesikika. Nikamuuliza pia, kwa hila, kama anamfahamu mtu anayeitwa Billy. Akasema humwona kanisani. Aha!

Nikamweleza kwa upole kwamba ushauri na ufundi ni vitu viwili, na kwamba nimemwitia cha pili. Akainua mabega. Akasema bon, sawa, ni nyumba yangu.

Akachukua chaki akaweka alama ukutani. Rejeta nne tu zinatosha: ukumbi, sebule, Maktaba, chumba cha Mama. Ile kubwa kuliko zote, ya nguzo kumi na nane, kwa Mama. Ameandika GRAND, yaani kubwa, pale chini ya dirisha lake. Maktaba ameandika PETIT, ndogo.

Petit!

Nikamuuliza zile saba zilizobaki zitafanya nini. Akasema labda zitapendeza hapo ua.

Jumanne, 8 Julai

Leo nimefanya jambo ambalo historia italielewa.

Maktaba na chumba cha Mama vinapakana kwa ukuta mmoja. Chuma kikubwa kikikaa Maktaba, joto litapenya ukutani hadi kwake. Yeye atapata joto la aina mbili: la kwake dogo, na la kwangu linalopenya. Ukitazama vizuri, ni yeye anayefaidika.

Tatizo: alama ya chaki iko chumbani kwake. Mguu hausogei, nimekwisha kusema. Lakini ufagio husogea! Mama alikuwa uani anaota jua juu ya rejeta mojawapo. Nikasimama kizingitini, nikafunga kitambaa kibichi kwenye mti wa ufagio, nikanyosha mkono, nikafuta. Kwa chaki iliyofungwa vilevile nikaandika PETIT. Ilichukua nusu saa. Mwandiko ni wa mtu aliyelewa, lakini unasomeka. Maktaba nikaandika GRAND, vizuri.

Pascal aliporudi na mabomba alisimama mbele ya ule mwandiko muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniangalia. Nikaangalia dari.

Akafunga kama ilivyoandikwa.

Jumatano, 9 Julai

Kazi inaendelea. Boila ya umeme imekaa kwenye baraza ya nyuma. Mabomba yamepita ukumbini kama nyoka waliofundishwa adabu.

Tukio dogo: rejeta ya ukumbi imezama. Sakafu yetu ni ya mbao, ya tangu nyumba ijengwe, na Pascal alikuwa amesema iwekewe matofali chini kwanza. Nilimwona anachelewa. Nikaisogeza mwenyewe mahali pake ili nimsaidie. Ikalia kraa! Sasa inaonekana kuanzia magotini kwenda juu.

Nimemwambia Kerubo kwamba kule Aberdeen baadhi zilikuwa fupi hivyohivyo. Amekuwa hajibu tangu Jumapili. Amefua leso zote za Mama na kuzikunja, zimekaa juu ya kiti karibu na mlango. Nyingi mno kwa siku moja.

Pascal ametumia alasiri nzima kuiinua kwa jeki ya gari. Mama ameleta kiti akatazama. Alikuwa na karanga.

Alhamisi, 10 Julai

Saa tatu asubuhi. Maji yameingia. Boila imewashwa. Inafanya kazi! Nimegusa, nimeondoa mkono, nimegusa tena.

Mwanzo mabomba yaligonga. Hewa iliyonaswa ndani, alisema Pascal, itatoka yenyewe polepole. Ko-ko-ko. Mama alikuwa chumbani kwake, akaitikia, "Soa!" yaani ingia. Ko-ko. "Soa!" Hakuna aliyeingia. Mwishowe akatoka hadi mlango wa mbele, akaufungua, akaangalia barabara pande zote mbili. Akamwambia Kerubo kwamba watu wa Sydenham hawana subira.

Kufikia saa sita Maktaba ilikuwa digrii thelathini na moja. Nilivua sweta, nikavua shati, nikaandika aya mbili za tasnifu. Aya mbili! Sijaandika aya mbili tangu Pasaka.

Mlango ukafunguka. Kerubo. Alisimama akihisi hewa. Akaenda chumba cha pili, kwa Mama. Chumba cha Mama kipo mwisho wa bomba. Kufika kule, maji yameshachoka. Digrii kumi na tano, nilikuja kupima baadaye kwa kuning'iniza kipimajoto kwenye ufagio.

Kumbe kitambaa hakikufuta vizuri. Ukuta ulipokauka, chini ya PETIT langu lilirudi GRAND la Pascal, jeupe, herufi zote.

Kerubo alirudi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mama yangu amevaa soksi jozi tatu," akasema. "Wewe umekaa bila shati unavichemshia vitabu."

Nikaanza kueleza habari ya joto linalopenya ukutani. Akaweka kiganja ukutani pale, akakiacha. Akaniuliza nihisi mwenyewe. Nikahisi. Ukuta ulikuwa baridi.

Kasema Jumamosi Billy akija, Mama ataondoka naye, na yeye Kerubo atamsindikiza akae huko kwa muda. Muda gani? Kasema hajui, hana ramani.

Nimevaa shati. Aya zile mbili nimezisoma tena. Si nzuri.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeamka na uamuzi wa kiume. Nitahamisha ile kubwa mimi mwenyewe, hadi mlangoni kwa Mama, kabla Kerubo hajarudi. Yeye na Mama walikuwa wameondoka saa mbili na nusu kununua vitu vya kesho. Pascal alikuwa kazini kwingine Isipingo. (Isipingo!) Sikumpigia. Kulegeza nati moja si jambo la kumwitia mtu.

Nilichukua spana. Nikalegeza nati.

Hakuna aliyeniambia kwamba valvu hufungwa kwanza. Labda Pascal aliniambia. Maji yalitoka kama yaliyokuwa yakinisubiri: meusi, ya moto, yenye harufu ya sarafu za kale. Yakapiga dari. Yakapiga rafu ya vitabu. Yakaingia kwenye yale maboksi ya karatasi zangu, miaka tisa, boksi baada ya boksi, bila haraka. Niliziba tundu kwa kidole gumba, kisha kwa soksi, kisha kwa sura ya tatu ya tasnifu.

Nikampigia Pascal kwa mkono wa kushoto. Alifika na ndala mguuni. Akaingia, akainama, akageuza kitu kimoja kidogo. Maji yakakoma. Sekunde nne.

Hakucheka. Akasema, "Pole, Papa," na akaanza kubeba maboksi nje. Tulibeba vyote, vitabu, meza, kiti, kapeti, tukavianika uani juu ya rejeta zile saba. Yeye akavuta mapazia yote hadi mwisho na kufungua madirisha, chumba kikauke.

Sikuwahi kuiona Maktaba hivyo. Jua liliingia hadi ukuta wa nyuma. Sakafu ilikuwa inatoa mvuke. Nilishikwa na aibu kidogo, sijui kwa nini, kama mtu aliyekutwa anakula peke yake.

Ndipo wakarudi. Kerubo alinikuta uani, mweusi kuanzia nywele hadi kiunoni, nikipepea ukurasa wa mia na nane. Mama akapita nyuma yake na mfuko wa vitunguu. Alipofika mlango wa Maktaba akasimama.

Akaingia. Akaweka vitunguu chini. Akavuta boksi moja kavu tulilosahau mlangoni, akaliweka katikati ya jua, akalikalia. Akavua soksi. Jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akanyosha miguu, akafumba macho.

Nilisubiri kwa heshima. Dakika kumi. Nikasimama nje ya mlango, nikakohoa. Nikakohoa tena. Siwezi kuingia mahali alipo! Ni chumba changu na siwezi kuingia!

Mama akasema kitu bila kufumbua macho. Nikamtazama Kerubo.

"Anauliza," akasema Kerubo, "chumba hiki kilikuwa cha nani."

Nikasimama pale na ukurasa wangu. Nilikuwa na majibu mengi. Niliangalia vile vidole vya miguu. Vilikuwa vinacheza.

Nikasema, "Mwambie kilikuwa cha vitabu."

Kerubo aligeuka akaenda jikoni upesi, akifuta macho. Nadhani kulikuwa na moshi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeamka, digrii ishirini na sita. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi! Nikadhani kipimajoto kimeharibika. Nikatoka nje. Upepo wa milimani! Huvuma hapa siku moja mbili kila msimu wa baridi, kutoka bara, mkavu, wa moto kama pumzi ya tanuri. Saa nne: thelathini na moja. Saa sita: thelathini na nne.

Ningeahirisha. Lakini nilishasimama mbele ya kanisa. Pascal alikuwa amehamisha ile kubwa ikakaa chumba cha kusini alichohama Mama, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikawasha boila.

Watu arobaini na mmoja. Wote na makoti! Niliwaambia mwenyewe. Marie-Louise alikuja na kofia ya sufu. Mzee Nduwimana wa kwaya alikuja na glavu. Wakaingia sebuleni, wakajipanga, kwaya ikaanza wimbo. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili sauti ya tatu ilikaa chini. Kisha sauti ya kwanza ikaomba maji. Nilikuwa nimefika kwenye historia ya Aberdeen nilipoona mgongo wa mtu wa mwisho ukitokomea dirishani.

Wote wakahamia uani. Makoti yakatundikwa juu ya rejeta. Kerubo akatoa vyakula nje, ugali, mboga za kienyeji, kuku, na sombe, kisamvu cha kwao, aliyoleta Marie-Louise, na mtu akafungulia muziki garini. Kusema kweli walifurahi. Nilibaki sebuleni na hotuba.

Billy alifika saa saba, suti ileile. Aliangalia uani, akaangalia jua, akanicheka hadi akashika bomba la kushushia maji ya mvua. Kisha akasema, haya, mzigo wa Mama uko wapi, shemeji?

Mama alikuwa Maktaba. Tangu jana hajatoka, na kulala pia amelala humohumo. Kerubo alimwekea kitanda. Dirisha wazi, kiti, bakuli la karanga, anatazama uani kama mtu aliyelipia tikiti. Billy akaenda dirishani, akamwambia gari liko tayari. Mama akamuuliza, kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, nani anashinda nyumbani kwake mchana. Billy akasema wote huwa kazini, lakini kuna televisheni, chaneli mia mbili.

"Televisheni nimeiacha Keroka," akasema Mama. "Hapa kwa wiki moja nimeona jeki ya gari ikiinua sakafu, mtu akipima nyumba kwa kuchuchumaa, vitabu vilivyolowa vikianikwa, na kanisa limekuja na makoti kwenye jua. Sijacheka hivi tangu baba yenu atutoke. Mimi naondoka niende nikaone nini?"

Watu wakapiga makofi. Billy akakaa juu ya rejeta, akainuka mara moja. Chuma kilikuwa kimeota jua. Nilimletea soda. Mimi si mtu wa kinyongo.

Kisha likatokea jambo. Mama alinigeukia. Si Kerubo, mimi. Hakunitazama usoni, alitazama viatu vyangu, lakini alisema nami, mara ya kwanza kabisa:

"Baba Fiona, zima hiyo mashine. Ukuta unatoa jasho."

Nilizima. Alisema nami!

Baadaye, watu walipokuwa wanaokota makoti yao, nikamkuta Kerubo anarudisha zile leso zilizokunjwa kabatini. Nikamsaidia kwa mbili. Akanionyesha niliyoikunja vibaya. Hiyo ni kuzungumza.

Jumatatu, 14 Julai

Jana mvua na baridi ya kweli. Leo vilevile. Nimehamia rasmi chumba cha kusini, mimi, meza, na karatasi zinazonuka sarafu. Digrii kumi na tatu. Naandika nimevaa koti na glavu ambazo mzee Nduwimana alizisahau. Rejeta ya nguzo kumi na nane iko hapa, karibu nami, nzuri sana, ya baridi. Pascal ameondoa fyuzi ya boila. Kerubo alimwomba. Haijulikani fyuzi iko wapi.

Nimetumia asubuhi kutathmini.

Lengo lilikuwa Mama abaki. Mama amebaki. Lengo lilikuwa apate joto. Ana joto, nasikia anaimba upande wa pili wa ukuta. Lengo lilikuwa Kerubo asiende Isipingo. Yuko jikoni, na asubuhi alinijibu maneno manne mfululizo. Kwa hiyo mpango ulifaulu kwa kila kipimo. Kasoro pekee ni kwamba nilikuwa na rejeta chache. Na Pascal, kwa ufundi wake wote, hana upeo: hakuona mapema kwamba chumba kile kingemfaa Mama. Ilibidi nifike hapo mwenyewe, kwa utafiti.

Billy kapiga simu. Kaniita shemeji mara moja tu. Amekubali kushindwa.

Wakati wa kifungua kinywa Mama alimwambia Kerubo kwamba kila kitu ni kizuri sasa, ila chai ya huku haina harufu. Ya kwao unaichuma, unaisikia ukiwa barabarani. Alisema hivyo tu, kwa kupita, akaendelea kula mkate.

Mimi nilimwaga yangu, nikayachungulia majani.

Ua wetu ni mita kumi na nane kwa ishirini na mbili. Una mteremko. Mvua ya Durban inatosha kabisa, nina takwimu zake, miaka tisa ya takwimu! Kuna mtu Pietermaritzburg mwenye kitalu. Nimeongea naye sasa hivi kwa sauti ya chini. Amesema miche ya chai huanza kuchumwa vizuri baada ya miaka mitatu. Mama anarudi Keroka mwezi wa tisa. Hilo linazungumzika.

Nimeagiza miche mia nne. Inafika Alhamisi. Kerubo ataiona ikishapandwa, na atafurahi.